Natembea Tu

Kwetu mtu akikutana na mwenzake njiani humwuliza aendako, na jibu la adabu ni kutaja mahali: sokoni, shambani, hospitali, msibani. Liko jibu jingine, "natembea tu," nalo hupokewa kwa namna mbili. Akilitoa mwenye kazi siku ya Jumapili jioni, huambiwa atembee salama. Akilitoa mtu aliyeachishwa kazi, tena siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, aliyeuliza hunyamaza kidogo, humtazama miguuni, kisha huenda kusimulia nyumbani. Juu ya kimya hicho kidogo twataka kusema leo.

Wazazi kadhaa wametuuliza juu ya jambo hili. Mmoja asema mwanawe alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, wala hakuwa na kosa lo lote. Miezi ya kwanza alikonda kwa mawazo. Sasa kila asubuhi, akiisha kuchota maji na kutuma maombi yake ya kazi kwa simu, hupanda mlima ulio nyuma ya mji, na kurudi adhuhuri akipiga mbinja. Mzazi huyo hajui kama ashukuru au akemee. Tumeona kwamba mbinja ndizo zinazomsumbua. Kijana angerudi amenuna, pasingekuwa na swali.

Basi swali ni hili: je, asiye na kazi aruhusiwa kufurahi? Na kama aruhusiwa, je, afurahi kwa kitu kisicho na faida, kama vile kutazama mto?

Neno moja tuliweke wazi kabla ya kwenda mbele. Kukosa kazi ni balaa. Ada ya shule haingoji, kodi ya nyumba haingoji, na mke anayeuza cherehani yake ili watoto wale haoni uzuri wo wote katika nafasi aliyoipata mumewe. Anayesema kwamba kukosa kazi ni likizo ndefu, huyo hajapata kusimama mlangoni pa ofisi na bahasha ya vyeti mkononi, akaambiwa arudi kesho kwa mara ya tano. Hatutaki kulipamba balaa hili. Twauliza tu kama mtu aliyepatwa nalo yampasa pia kuufumba macho ulimwengu mpaka atakapoajiriwa tena.

Hofu ya wazazi hao haikuzaliwa jana. Katika nchi zetu kutembea bila kazi kumekuwa kosa kwa muda mrefu. Nchini Kenya, siku za ukoloni, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati, ili askari ajue mara moja mtu huyu ana mwajiri gani. Sheria za adhabu tulizorithi kwa Waingereza ziliweka makosa ya uzembe na uzururaji. Nayo hofu ile haikushushwa pamoja na bendera yao. Mwaka 1983 nchini Tanzania ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na mjini Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani wakatakiwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Walioshindwa walikamatwa, na wengi wakapelekwa vijijini wakalime. Wazee waliokuwa mjini siku zile wajua jinsi mtu alivyoweza kujifunza kutembea haraka haraka, kama mwenye shughuli, hata kama hana pa kwenda. Ilikuwa tarehe 4 Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipotoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Hoja ya mahakama, kwa maneno yetu, ni kwamba zamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini, si kwa tendo alilolitenda.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Uingereza, karibu na miji ya Manchester na Sheffield, kuna milima mipana isiyo na miti ambayo zamani matajiri waliifunga ili wawinde ndege. Katika miaka ya 1930 viwanda vya miji ile vilikuwa vimedorora, na vijana wengi, wenye kazi na wasio na kazi, walizoea kutoka nje ya moshi wakatembee. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao waliupanda mlima uitwao Kinder Scout bila ruhusa ya wenyewe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa fundi wa magari mwenye miaka 20, jina lake Benny Rothman. Wakapigana kidogo na walinzi, na vijana watano wakahukumiwa kifungo cha kati ya miezi miwili na sita. Lakini mwaka 1949 Bunge la nchi ile lilitunga sheria ya hifadhi za taifa, na hifadhi ya kwanza kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1951, ndiyo yenye mlima ule ndani yake. Leo mtu aupanda bure, na hakuna anayemdai hati ya mshahara.

Turudi kwetu. Tanzania ina Kilimanjaro, na kila mwaka watu wa mbali hulipa fedha nyingi sana ili waruhusiwe kutembea huko kwa siku chache, wakichoka, wakilala baridi, wakirudi na midomo iliyobabuka. Hatujamsikia mtu ye yote aliyewaita wavivu. Twawaita watalii, twawapokea kwa ngoma, na wizara nzima yawashughulikia. Kijana wa Machame akienda kutazama maporomoko ya maji yaliyo karibu na kihamba cha babu yake, kwa miguu yake, bila kumdai mtu senti moja, huyo twamwita mzururaji. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni fedha. Haya ni maneno ya kutahayarisha, lakini ni afadhali yasemwe: tumekubali kwamba uzuri wa nchi hii wafaa kutazamwa na anayelipa, na ya kwamba mwenyeji asiye na kitu hana haki hata ya kuutazama, kana kwamba anachungulia dirishani kwa watu.

Wapo watakaotukumbusha mithali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, akieleza kwamba katika jamii ya kale mnyonyaji asiyefanya kazi hakuwa na nafasi. Ni kweli. Lakini tuitazame mithali vizuri. Yasema mpe jembe. Haisemi mfukuze akatafute jembe ambalo halipo. Katika kijiji cha kale ardhi ilikuwapo na jembe lilikuwapo, na asiyelima hakutaka kulima. Kijana wa leo aliyesomea uhasibu amefunga mlango mmoja baada ya mwingine kwa sababu waamuzi ni watu asiowajua, katika mji asioujua, kwa hesabu asiyoonyeshwa. Wengine humtaja Mtume Paulo na barua yake kwa Wathesalonike. Nao wasome polepole: Mtume alimkemea asiyetaka kufanya kazi, si asiyeipata. Kati ya kutotaka na kutopata pana bonde kubwa, na watu wengi wema hulirukia wanapozungumza juu ya mtoto wa jirani.

Sasa twafika kwenye kiini cha mambo. Kwa nini mbinja za kijana zamkera mzazi mwenye upendo? Twadhani ni kwa sababu twamdai asiye na kazi huzuni, kama vile dukani twavyodai stakabadhi. Hatuwezi kuzihesabu juhudi zake. Hatuoni milango aliyobisha. Basi twataka uso wake uwe ushahidi. Akiwa amejikunja pembeni, twasema, maskini, anajitahidi. Akicheka, twashuku kwamba ameridhika. Nao vijana wamelijifunza jambo hili. Wengine huingia nyumbani wakiwa wamekwisha kuvua furaha yao mlangoni pamoja na viatu. Twauliza: huzuni hiyo yamletea nani mkate? Kama ingekuwa fedha, tungekuwa taifa tajiri.

Tena huzuni hiyo ina hatari yake, nayo imepata kupimwa. Karibu na Vienna, nchini Austria, kilikuwapo kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Wataalamu wachache, miongoni mwao Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, walikwenda kuishi karibu na watu wale na kuwachunguza, wakatoa kitabu mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba watu waliopewa siku nzima bila king'ora cha kiwanda wangesoma zaidi, wangetembea zaidi, wangezungumza zaidi. Ilikuwa kinyume. Maktaba ya kijiji iliondoa malipo ya kuazima vitabu, na bado vitabu vilivyoazimwa vikapungua sana. Bustani nzuri ya kijiji ikaota magugu. Wachunguzi wakakaa dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa wapita njia katika barabara kuu: wanaume walitembea polepole na kusimama simama, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kufika. Walipoulizwa jioni wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuweza kukumbuka.

Hii ndiyo habari tunayotaka wazazi waifikirie. Mwenye kunyang'anywa kazi ananyang'anywa mshahara kwanza, na polepole, asipoangalia, ananyang'anywa pia uwezo wa kutaka jambo. Morogoro waweza kuwaelewa watu wa Marienthal. Mji ule ulijengewa viwanda vya ngozi, viatu na turubai katika miaka ya 1970 na 1980, na baadaye vingi vikasimama. Mtu ambaye katika hali kama ile bado aamka alfajiri, afunga viatu, na atamani kujua ni nini kilichoko baada ya kona ya njia, huyo ameokoa kitu ambacho mwajiri wa kesho hataweza kumpa, maana hata yeye mwajiri hukihitaji kwake.

Tuitaje njia yenyewe, maana tusipoitaja mtu atadhani twasema juu ya wazo tu. Nyuma ya Morogoro imesimama milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji kwa karibu, kina urefu wa mita 2,138. Msitu wa juu ni hifadhi, na kuingia huko kuna ada na utaratibu wake. Lakini njia za chini, zipitazo kati ya nyumba na mashamba, ni za watu wote. Ukipanda asubuhi waacha joto la mji nyuma yako hatua kwa hatua. Migomba yafuata minazi, kisha kabichi na karoti katika matuta yaliyoshikiliwa na jasho peke yake, na maji yasikika kabla hayajaonekana. Maji yale si ya kupendeza macho tu. Mito ya Uluguru huungana kuwa Ruvu, na Ruvu ndio mto unaonywesha Dar es Salaam. Mtu aliyeketi juu ya jiwe akitazama kijito aona kitu ambacho mamilioni ya watu watakikinga kwenye bomba bila kujua kilitoka wapi. Huko juu wapo ndege ambao hawapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika milima hii. Mtu aweza kuishi Morogoro miaka thelathini, akienda kazini na kurudi, asiwahi kuyajua hayo. Hana lawama, hakuwa na nafasi.

Neno hili "nafasi" lina historia ya ajabu. Wayunani wa kale waliiita nafasi ya mtu aliye huru na shughuli za riziki kwa neno skhole. Warumi wakalichukua wakasema schola, Wajerumani wakasema Schule, nasi tukalipokea kwao tukasema shule. Kumbe kila mtoto anayebeba daftari zake asubuhi aenda, kwa asili ya neno, mahali pa nafasi. (Tukiwaambia wanafunzi wa bweni habari hii watatucheka, nao wana haki.) Mwanafalsafa Mjerumani Josef Pieper aliandika mwaka 1948 juu ya jambo hili hili. Alionyesha kwamba ule uvivu wa moyo ambao walimu wa kale waliuhesabu kuwa dhambi si kinyume cha kazi. Ni kinyume cha nafasi: ni kukataa kutulia na kupokea kilichopo. Ndiyo maana mtu aweza kuwa mvivu wa moyo huku akishinda ofisini saa kumi na mbili. Naye asiye na kazi aweza kuwa mzima kabisa wa moyo.

Lakini hatujamaliza, kwa sababu njia ile ya Uluguru haina mtembezi peke yake. Alfajiri, anapopanda yeye, wateremka akina mama wa Kiluguru na vikapu vya mboga na ndizi kichwani, wamekwisha kutembea saa mbili, na watapanda tena alasiri. Kwao mlima huo ni kazi. Wakimpisha kijana aliye mikono mitupu wamwambia, "Habari za kazi?" kama desturi, naye hana la kujibu. Twaona kwamba hapo ndipo penye swali gumu kuliko lile la kwanza. Saa za matembezi zalipwa na nani? Wale wachunguzi wa Marienthal waliona kwamba wanawake walitembea haraka kuliko wanaume. Wao pia walikuwa wamefukuzwa kiwandani, ila sufuria, nguo na watoto havikuwafukuza. Yaani kiwanda kilipofungwa, mume alipata nafasi, na mke alipata kazi ile ile pamoja na umaskini.

Basi twasema bila kuficha: mume anayetembea mlimani wakati mkewe achota maji, apasua kuni, na kuuza vitumbua ili yeye ale, matembezi yake ni deni. Hatumwambii asitembee. Twamwambia achote yeye hayo maji kwanza, na kama mtoto anyonyeshwa, yeye apike. Kisha amwulize mkewe kama na yeye angependa kwenda kupunga upepo siku moja, maana twashuku kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza. Watu wa pwani wana neno hilo zuri, na jioni utawaona Forodhani, Unguja, wamekaa na jamaa zao mbele ya bahari, wenye kazi na wasio na kazi, na hakuna awezaye kuwatenga kwa kuwatazama. Kiswahili chenyewe chatusaidia hapa: kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kwenda kuwaona watu. Anayepanda mlima aweza kupita kwa shangazi mgonjwa wakati wa kurudi.

Liko jambo jingine ambalo laonekana kama uonevu. Kijana anayeshinda kijiweni tangu asubuhi, akibashiri mpira kwa simu na kupoteza fedha alizopewa na dada yake, hasemwi sana, kwa sababu wako wengi na wote wamzoea. Anayekwenda peke yake msituni husemwa. Wengine hata huuliza kama hana jambo la siri huko. Ni vyema wazazi wajue kijana wao yu wapi, hasa kama yu mnyonge wa roho. Mtu mwenye majonzi mazito asiachwe peke yake siku nyingi. Nao wenyewe watembezi wajipime. Kama mtu aenda mlimani ili asikutane na mdai wake, au azima simu asije akaitwa kwenye usaili, huyo akimbia, na mlima haumfai. Lakini akirudi na hamu ya kusimulia, akimtaja ndege aliyemwona na mzee aliyemwonyesha njia, huyo hakukimbia.

Mama mmoja wa huko huko mlimani atuuliza kama amruhusu binti yake wa miaka kumi kufuatana na kaka yake siku za Jumamosi, maana binti alia kila anapoachwa. Twaona amruhusu. Wachukue maji ya kunywa na muhogo wa kuchemsha, wasiingie hifadhini bila kibali, na wakiona mawingu yakishuka juu ya Lupanga, wageuke mara moja, kwa sababu njia ile huteleza sana ikinyesha.